Namba Kumi na Moja

Malimi aliponiachia memori kadi,
kaifunga kwenye karatasi ya jojo,
alisema, "Shangazi, humu hamna mtu anayeimba."
Nikadhani ananitania.
Kazi gani muziki usio na mdomo?

Nyimbo thelathini na mbili, hazina majina,
zina namba tu, kama marobota bandarini.
Zimetoka kwenye katuni ya Kijapani
aliyokuwa akiitazama usiku, shuka kichwani,
chumba kizima kikiwa buluu.
Mimi sijaiona hata dakika moja.
Nilikuwa naona nyayo zake tu.

Nyumba yetu Igogo imekalia jiwe,
jiwe limekalia jiwe,
na cherehani yangu imewekewa kigae mguu mmoja
isije ikateremka ziwani na kaptula za watoto wa watu.
Januari nashona sare hadi saa nane.
Hedifoni ninazo, ila ya kushoto
waya wake ulishaliwa na panya.
Basi kulia nina Japani,
kushoto nina Igogo:
mama Nkwimba akimwaga maji ya ukoko,
mbwa wa juu akibishana na mbwa wa chini,
meli ya mizigo ikikohoa gatini.

Namba tatu ni ya kushonea pindo.
Namba tisa siipendi, ina haraka ya mgambo.
Namba kumi na moja
inaanza na noti moja, inasita,
ya pili inakuja kama mtu anayeonja maji kwa kidole,
kisha fidla inainuka
na mguu wangu unaacha kukanyaga bila kuniuliza.

Niliamua mwenyewe: ni mtoto anajifunza baiskeli.
Hapo anayumba.
Hapo baba kashika kiti.
Hapo baba ameachia, mtoto hajui.
Kwa baiskeli hiyo nimemaliza sare za darasa zima.

Siku moja niliutia maneno,
maana nimelelewa na watu
wasioweza kuacha sauti ikae uchi:

*Pedeli inapolia, mwanangu usitazame,*
*kiti nimekiachia, nawe kaza usikome*

Mstari wa tatu haukuja.
Wimbo ulishakata kona, hauna haja nami.

Nikampigia Malimi, yuko Kahama siku hizi,
karakana ya matrekta.
"Kumi na moja? Aa, Shangazi.
Hapo mama yake anaondoka na treni.
Dogo anakimbia pembeni mpaka zege linaisha."

Nikanyamaza, vocha ikaliwa na ukimya.
Chini kwetu reli ndiyo inakomea.
Treni ikifika Mwanza haina mbele, mbele ni maji;
anayetaka kuondoka sharti arudi alikotoka.
Malimi aliondoka hivyo hivyo, alfajiri.
Sikumsindikiza. Nilikuwa na oda.

Februari nikanunua hedifoni mpya Makoroboi, elfu tatu,
muuzaji kaapa kwa mama yake mzazi.
Kushoto kukafunguka:
kumbe muda wote kulikuwa na filimbi,
ndogo, ya mbali,
ikiijibu fidla neno kwa neno
kama mtu aliyekaa behewani, dirisha wazi.

Sikulia. Niliushona mfuko nje ndani,
nikaufumua.
Nilipoinua macho mama Nkwimba alikuwa mlangoni,
amebisha hodi mpaka amechoka,
anataka kiberiti.

Sasa nafanya hivi.
Mara ya kwanza masikio yote mawili:
treni na iende.
Mara ya pili nachomoa ya kushoto,
waruhusiwe kuingia mbwa, meli, sufuria,
na baiskeli ishuke katikati ya mawe ya Igogo
bila breki, bila taa,
baba akibaki juu huko na mikono mitupu,
anahema.

Kaptula zimebaki kumi na nne.